Siku Nne Pungufu: Mimba, Ajira Mpya na Sheria Yetu ya Kazi

(Maneno haya yalitolewa na katibu wa uenezi wa vijana wa kata katika mafunzo ya vijana wa jimbo, Dar es Salaam. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

 Naona wengine mmeshaanza kusinzia, wali wa mchana huo. Sitawachosha.

Niliambiwa nizungumzie ajira kwa vijana. Mada hii tumeizungumza sana. Tunataja idadi ya wahitimu, tunailaumu Serikali, tunapiga makofi, tunapanda daladala kurudi nyumbani. Leo naomba niipitie kwa mlango mwingine. Nitawasimulia yaliyonikuta mimi, halafu nitasoma sheria. Nimekuja nayo hapa.

Baada ya chuo nilikaa miaka miwili na nusu bila kazi. Nimeuza vitenge kwa mkopo, nimeuza ubuyu mtandaoni, nimefundisha tuisheni. Desemba moja nikapigiwa simu na kampuni niliyoifanyia usaili nikaisahau. Jina naliacha, na mtaona kwa nini halina umuhimu. Kazi ya ghala, kuhesabu na kuandika mizigo inayoingia na kutoka, mshahara shilingi 650,000 kabla ya makato, kuanza Jumatatu tarehe 6 Januari. Mume wangu alipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani amefariki. (Vicheko.)

Ijumaa ya tarehe 3 ndiyo nikajua. Siku zangu zilikuwa zinaruka, mimi nasema ni mawazo ya kukosa kazi. Dada wa duka la dawa ndiye aliyeniangalia akasema, "Dada, chukua na kipimo." Kipimo cha mkojo, mnakijua, bei ya soda. Mistari miwili. Nikaenda kupiga altrasaundi siku hiyohiyo nikiamini ni ya wiki tano, sita. Daktari akaniambia wiki 14 na siku 4. Akaandika tarehe ya matarajio: 30 Juni.

Nilikaa kwenye benchi pale nje nikalia. Na nataka niwaambie ukweli wadada, sikulia kwa furaha. Mtoto nilimtaka, tumeoana, tulikuwa tunamwomba Mungu. Lakini nililia kama mtu aliyeibiwa. Nimesubiri kazi miaka miwili na nusu, na mtoto naye amesubiri miaka miwili na nusu, halafu wanagonga mlango wiki moja wote wawili.

Sasa swali likawa, niseme au ninyamaze? Mume wangu akasema nyamaza hadi usaini mkataba. Shoga yangu akasema nyamaza hadi tumbo liseme lenyewe. Mama yangu, mwanamke wa Muheza asiyejua sheria hata moja, akasema, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Kaseme." Watu watatu, majibu mawili, na hakuna aliyenitajia sheria, kwa sababu hakuna aliyeijua. Na mimi ni msomi wa chuo kikuu, kamanda wa chama, nilikuwa siijui vilevile.

Ilivyo ni hivi. Tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Namba za vifungu nitakazotaja ni za sheria ilivyopitishwa mwaka huo. Kifungu cha 7 kinakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito, na kinasema wazi kwamba anayeomba kazi naye amo. Kwa hiyo wewe unayekwenda kwenye usaili ukaulizwa, "Una mpango wa kuzaa lini?", fahamu kwamba yule anayekunyima kazi kwa jibu lako anavunja sheria ya nchi. Hujakatazwa kuajiriwa ukiwa na mimba. Na mimi mle sikuona kifungu kinachokulazimisha kusema siku ya kwanza. Kinachotakiwa ni taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, ikiambatana na cheti cha daktari. Basi.

Mimi nilikuwa sijui hayo. Nilinyamaza wiki saba, nikivaa madera mapana na koti juu, na Dar ya Februari mnaijua ilivyo. Siku moja nilibebeshwa boksi za betri za magari nikabeba, kwa sababu kukataa kungenifichua. Hilo ndilo jambo ninalolijutia kuliko yote kwenye hadithi hii. Sheria inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi ya hatari kwake au kwa mtoto. Lakini mwajiri hawezi kunikinga na mzigo kama hajui nimebeba mzigo mwingine. Ukinyamaza, unanyamaza pamoja na kinga yako.

Mwezi wa tatu mwanzoni nikasema. Niliingia ofisini kwa bosi nikiwa nimeshaandaa maneno ya ugomvi. Mzee yule akaniangalia, akavua miwani, akasema, "Hongera, binti yangu. Kuanzia kesho utakaa mezani." Sikuamini. Akanitoa kwenye kubeba, akanipa kuandika. Nikapeleka barua na cheti cha kliniki, tarehe 10 Machi, nina muhuri wa kupokelewa. Nawaambia hivi makamanda kwa sababu najua mlikuwa mnasubiri nimtukane bosi. Bosi wangu hakuwa mtu mbaya.

Aprili ndipo likaja jibu kutoka kwa afisa utumishi. Barua fupi, heshima tupu. Kwamba likizo ya uzazi nitapewa, ila bila malipo, kwa kuwa tarehe ya kujifungua nitakuwa sijatimiza miezi 6 kazini.

Nikasema huyu ananionea. Nikaenda kutafuta sheria ili nikamkomeshe. Kifungu cha 33, nikakikuta kizuri kweli: angalau siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Nikafurahi. Halafu nikarudi nyuma kurasa chache, kifungu cha 29: mfanyakazi mwenye utumishi wa chini ya miezi 6 hana haki ya likizo yenye malipo iliyotajwa katika sehemu hiyo. Likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi, zote zimewekwa kapu moja.

Yaani dada yule wa utumishi alikuwa sahihi. Alifuata sheria neno kwa neno.

Pigeni hesabu na mimi. Mimba ni wiki 40. Miezi 6 ni wiki 26. Ukianza kazi ukiwa na mimba ya wiki 10, utajifungua ukiwa na wiki 30 kazini, unalipwa. Ukianza ukiwa na wiki 15 kama mimi, unajifungua wiki ya 25. Hulipwi. Mwanamke yuleyule, kazi ileile, kampuni ileile. Na likizo ya ugonjwa ukiiweka kwenye sharti hili labda utanishawishi, maana mtu anaweza kuajiriwa leo na kuugua kesho mpaka Krismasi. Mimba je? Mimba ina tarehe. Haijifanyi. Hakuna mtu anayebeba mimba ili aikomoe kampuni ya vipuri.

Miezi 6 yangu ilikuwa inatimia tarehe 6 Julai. Matarajio 30 Juni. Siku 6! Basi nikaanza ujinga. Sheria inaruhusu kuanza likizo wiki 4 kabla, mimi nikakataa kuanza. Nikasema nitafanya kazi hadi Julai, mtoto wa kwanza huwa anachelewa, kila mtu anasema. Naamka saa 10 alfajiri Mbagala, nasimama kwenye daladala, miguu imevimba hadi viatu vya mume wangu ndivyo vinanitosha. Usiku naongea na tumbo, "Mwanangu, subiri. Subiri tarehe 6 tu." Mama yangu akinisikia akasema sijawahi kuona mtu anambembeleza mtoto asizaliwe.

Akazaliwa tarehe 2 Julai, saa 8 usiku. Siku 4 pungufu. Yule pale nyuma, kamanda amempakata. (Makofi.) Msimwamshe.

Sheria inakataza kurudi kazini ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, labda daktari akuruhusu. Nilikaa wiki 6 kamili, siku ya kwanza iliyoruhusiwa nikarudi. Kodi ya nyumba miezi 6 kwa mkupuo, mwenye nyumba hakuuliza kifungu namba ngapi. Sheria inanipa pia hadi masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Zuri sana hilo. Mtoto yuko Mbagala, mimi niko Mikocheni. Nikipanda gari kwenda kunyonyesha, masaa mawili yanaishia njiani sijamwona. Nilikuwa nakamua maziwa stoo, nyuma ya matairi, mlinzi amesimama mlangoni kwa hisani yake. Mungu ambariki yule baba.

Mtaniuliza, kwa nini hukwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi? Angalau kuhoji, maana likizo yangu kubwa ilikuwa inaangukia baada ya tarehe 6 Julai, ningeweza kubishana. Ni kweli, na nakiri nilikosea. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Siku zangu 60 ziliisha nikiwa na tumbo, naogopa. Kwa sababu kuna miezi 6 nyingine! Kifungu cha 37 kinasema kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito si sababu halali. Lakini kifungu cha 35 kinasema ulinzi wa sehemu hiyo haumhusu mwenye utumishi wa chini ya miezi 6. Unabaki na kile cha 7 cha ubaguzi, na hapo ndipo mwanasheria mzuri atakapoanzia. Sasa niambieni, ni binti gani yuko kwenye matazamio, hana akiba, ana mimba ya miezi 7, atampeleka mwajiri wake CMA?

Hapa ndipo siasa inapoingia, na msiogope neno siasa. Tumezoea kusema waajiri wabaya. Wapo, tena wengi. Lakini mimi nilikutana na mwajiri mwema na bado nikakamua maziwa nyuma ya matairi. Bunge ndilo lililoandika miezi 6. Kinachoandikwa na Bunge kinafutwa na Bunge. Likizo ya uzazi itolewe kwenye kapu la kifungu cha 29, na ulinzi dhidi ya kufukuzwa kwa mimba uanze siku ya kwanza. Mistari miwili tu ya muswada.

Kuna ndugu yetu mmoja tulibishana juzi, akasema ukifanya hivyo waajiri wataacha kuajiri wanawake. Hoja yake ina uzito, sitaidharau. Mwenye duka mwenye wafanyakazi watatu, ukimwambia amlipe mtu siku 84 aliyemfanyia kazi miezi mitatu, ataumia. Ndiyo maana mzigo usiwe wa mwajiri peke yake. Tunakatwa michango ya hifadhi ya jamii kila mwezi, na NSSF ina fao la uzazi, ila lina masharti ya kuchangia muda mrefu ambayo binti wa ajira ya kwanza hana namna ya kuyatimiza. Tuanzie hapo. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, Namba 183 wa mwaka 2000, unataka wiki zisizopungua 14 na unaelekeza malipo yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma. Sisi tuko kwenye wiki 12. Na baba, sheria ya 2004 ilimpa siku 3. Jirani zetu Kenya, kwa sheria yao ya 2007, wakampa wiki 2. Mume wangu siku 3 aliitumia moja kutafuta damu.

Halafu mama lishe, wadada wa kazi za ndani, wauza mitumba. Hao hawana hata barua ya kukataliwa. Mada yao inahitaji siku yake, naomba mwenyekiti uiweke.

La mwisho, na hili litauma. Tuache kunyoosha kidole Dodoma peke yake. Uchaguzi wa ndani wa vijana uliopita, kamanda mmoja wa kike alikuwa na mimba ya miezi 5, anagombea. Humu ndani, si kwingine, kuna watu walimwambia "jifungue kwanza, utagombea mwakani." Akajitoa. Hakuna aliyesimama kumtetea, na mimi nilikuwepo, sikusimama. Nilikuwa bado sijabeba yangu.

Nina nakala kumi za vifungu hivi nilivyosoma, pamoja na fomu namba 1 ya CMA, ziko kwenye kile kiroba cha bluu pale nyuma. Mwenye dada, mke au mchumba anayeanza kazi achukue. Naona mtoto ameamka, na huyo hana kifungu cha kumsubirisha.