Gharama ya Kumfuata Bwana



Somo letu la leo latoka katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 14. Bwana wetu aliona makutano makubwa wakimfuata, wala hakuwasifu kwa wingi wao. Aligeuka, akawauliza kama yuko mtu aanzaye kujenga mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu fedha zake. Ninyi mkaao Annexe, tangu Kasapa hata Kalebuka, hamna haja ya kufafanuliwa mfano huo. Ni nyumba ngapi katika mitaa yenu zina kuta za matofali na madirisha wazi, na majani yameota palipotazamiwa kuwa sebule? Mwenyewe alianza kwa furaha, mabati yakamshinda.

Basi, gharama hiyo ni nini? Wengi wetu tusikiapo neno msalaba twawaza ugonjwa au msiba. Hayo ni mateso kweli, lakini humpata hata asiyemjua Kristo. Msalaba wa somo hili ni ule ambao mtu angaliweza kuukwepa, naye akaukubali kwa ajili ya Bwana.

Mtazameni ndugu yetu wa Goma, Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka wa 1981. Alisoma sheria, akaingia Jumuiya ya Sant'Egidio, akawahudumia watoto wa mitaani, ambao wengi wetu huwapita upesi. Kisha akapata kazi, nanyi mwajua uzito wa neno hilo katika nchi yetu. Aliajiriwa na Office Congolais de Contrôle, yaani ofisi ya Serikali ikaguayo bidhaa. Mwaka wa 2007 vyakula vilivyoharibika vililetwa mpakani, na watu wakamtolea fedha ili aviache vipite. Akakataa. Mwezi wa Julai alitekwa, akateswa, akauawa. Umri wake ulikuwa miaka 26.

Kama angalitia sahihi, nani angalijua? Lakini chakula kibovu huuzwa kwa bei rahisi, na bei rahisi hutafutwa na maskini. Na watoto wa maskini ndio aliokuwa akiketi nao. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Hapo baba mmoja wa Kasungami, afanyaye kazi njia ya Kasumbalesa, aweza kuniambia: "Mwalimu, huyo alikuwa kijana bila watoto. Mimi nikikataa nitahamishwa, na ada ya shule italipwa na nani?" Swali hili ni la haki. Wako wahubiri wamjibuo upesi kwamba fedha aliyoikataa itamrudia maradufu kabla ya mwezi kwisha. Mimi sioni ahadi hiyo katika Injili. Kwa Mtakatifu Marko, sura ya 10, Bwana aliahidi mara mia, lakini katika sentensi iyo hiyo akataja na udhia.

Tena angalieni jambo hili: katika sura ile ya Luka Bwana alitaja baba na mama, mke na watoto. Gharama hailipwi na mfuasi peke yake. Mume akikataa rushwa ofisini, mke huilipa jikoni. Kwa hiyo si vema mtu aamue kwa siri, kisha awashangaze watu wa nyumbani mwake kwa sufuria tupu. Nasi wa jumuiya, tukimsifu Jumapili, halafu Jumatatu watoto wake wakafukuzwa shuleni nasi tukitazama tu, tumemwachia msalaba mzima abebe peke yake. Huyo Simoni wa Kirene alisaidia kuubeba wa Bwana mwenyewe, naye alikuwa mpita njia tu.

Kabla ya somo la wiki ijayo, someni nyumbani sura hiyo ya Luka, tangu mstari wa 25 hata wa 33, mume na mke pamoja. Kisha yule afanyaye kazi ya kutia sahihi amwambie mwenzake wazi ni sahihi ipi aombwayo kuiuza, na kwa kiasi gani.