Rimoti Moja, Vipindi Vingi

(Haya ni mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo, katika ofisi ya kijiji.)



Nimeombwa niseme juu ya televisheni. Sababu mnaijua. Televisheni iliyo chumbani humu ilinunuliwa kwa michango ya kaya zote. Hakuna kaya iliyosamehewa. Lakini sasa kuna maneno. Akina mama wanasema walitoa fedha yao, ila wakija hapa wanaona migongo ya vijana tu, na mpira. Vijana wanasema akina mama wakiachiwa watatazama tamthilia mpaka usiku wa manane. Wazee wanataka taarifa ya habari. Na rimoti ni moja.

Wengine wameanza kusema chombo hiki kiuzwe, kila mtu arudishiwe chake. Mimi nasema tusikiuze kabla ya kujua kinatoa nini. Mtu haachi shamba ambalo hajalikagua. Hebu tuulizane: katika wiki moja, tangu Jumatatu mpaka Jumapili, ndani ya kioo hiki mnapita vipindi gani?

Huku Bara televisheni si ya zamani sana. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Stesheni za kwanza za Bara zilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo tulikuwa na redio, na redio ilitufunza kitu ambacho nataka mkikumbuke. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini wazee mliopo hapa mliiona. Watu wazima wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na redio, kijitabu na kiongozi. Kipindi kikiisha watu hawakutawanyika. Walizungumza, halafu wakapanga kazi: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu. Kipindi kiliwatoa watu kwenye viti wakashika majembe.

Sasa turudi kwenye kioo chetu.

Kila siku saa 2 usiku kuna taarifa ya habari kwa Kiswahili. Stesheni ya taifa, TBC1, inayo. ITV nao wanayo saa hiyo hiyo. Hiyo ni habari ya nchi yako: bei, mvua, Bunge, magonjwa. Kuna vipindi vya wakulima. Kipo kimoja kilichoanza Kenya mwaka 2012, jina lake Shamba Shape Up. Wataalamu wanakwenda kwa mkulima wa kweli, wanatazama banda lake la kuku, mahindi yake, ng'ombe wake, wanamwonyesha namna ya kurekebisha. Kimewahi kuonyeshwa hapa kwetu pia. Watoto nao wana chao. Ubongo Kids ilianza mwaka 2014, imetengenezwa Dar es Salaam. Ni katuni za Kiswahili zinazofundisha hesabu kwa nyimbo. Msione ni za watoto mkazidharau. Mwanakisomo aliyekwama kwenye sehemu na asilimia akikaa na mjukuu wake mbele ya katuni hizo, hatapoteza kitu.

Tamthilia sitazitukana. Najua baadhi ya viongozi huzitukana. Mwaka 2011 TBC walionyesha mchezo wa Kichina uliotiwa maneno ya Kiswahili, wa binti Doudou na mama wakwe zake. Watu waliupenda sana, hata Rais wa China, Xi Jinping, alipokuja Dar es Salaam mwezi Machi 2013 aliutaja katika hotuba yake. Kwa nini tuliupenda? Kwa sababu mkwe wa Beijing na mkwe wa hapa kijijini ni wale wale! Basi mama akitazama tamthilia, kisha akazungumza na wenzake kuwa yule bibi arusi angefanya nini, hiyo ni akili inafanya kazi. Ubaya ni kutazama kisha kulala.

Kuna jambo lingine lazima niliseme, hata kama litawaudhi wenye biashara. Siyo kila kinachofanana na kipindi ni kipindi. Muda wa televisheni hununuliwa, kama vile mtu anavyolipia meza sokoni. Mtu amevaa koti jeupe, amekaa mezani, anaulizwa maswali, anajibu kuwa dawa yake inaponya kisukari, presha, mgongo na ugumba. Chini ya kioo kuna namba ya simu ya kutuma fedha. Hilo ni tangazo, jamani! Soma maandishi ya chini. Ninyi sasa mnajua kusoma. Kabla ya kutuma hata shilingi, nenda zahanati ukaulize. Hata vipindi vizuri vya kilimo vina wafadhili, na baadhi yao ni makampuni ya mbegu na mbolea. Si dhambi. Ila ukisikia mbegu fulani inasifiwa, angalia jina la mfadhili mwisho wa kipindi, halafu ukamwulize Bwana Shamba kama mbegu ile inafaa udongo wetu.

Sasa ule ugomvi wa mpira.

Nimekaa na vijana, tukaandika saa. Mechi za klabu bingwa ya Ulaya nyingi huchezwa Jumanne na Jumatano, na zile kubwa kwetu huanza saa 4 usiku au saa 5 usiku. Ligi ya Uingereza, mechi nyingi za Jumamosi huanza saa 11 jioni au saa 12 jioni. Mnaona tofauti ya saa moja? Waingereza hubadili saa zao mwezi Machi na mwezi Oktoba. Sisi hatubadili. Ndiyo maana mara nyingine mnafika hapa mbio, na mpira bado.

Haya, taarifa ya habari ni saa 2 usiku. Mpira wa Jumanne ni saa 4 au saa 5. Wanagombana wapi? Hawagombani! Kinachowagombanisha ni kijana anayeshika rimoti saa 1 kulinda nafasi yake ya saa 5. Jumamosi jioni ni kweli mpira unakula muda, na muda huo akina mama wako jikoni. Hilo la kwa nini wao peke yao wako jikoni tutalizungumza siku nyingine, maana lina mambo mengi.

Tatizo la ratiba ni kwamba kwenye kioo saa huandikwa kwa namna ya kigeni. Utaona 20:00. Usiogope. Kuanzia 07:00 mpaka 18:00, toa 6. Basi 17:00 ni saa 11 jioni. Kuanzia 19:00 mpaka usiku, toa 18. Basi 20:00 ni saa 2 usiku, na 22:00 ni saa 4 usiku. Jaribuni wenyewe: 21:00 ni saa ngapi?

Chukueni madaftari. Pigeni mistari mpate nafasi tano: siku, saa, jina la kipindi, nani amekilipia, na tumepata nini. Tumegawanyika vikundi vitatu, na kila kikundi kimechanganya akina mama, wazee na vijana. Kila kikundi kitashika rimoti siku mbili na kuandika. Jumapili tutasoma madaftari yote kwa sauti, ndipo tupange ratiba ya mwezi, na ibandikwe mlangoni. Kipindi cha kilimo kikiisha, televisheni izimwe nusu saa, watu wazungumze. Anayetaka kuuza chombo hiki alete hoja yake siku hiyo, akiwa ameshasoma madaftari.

Kikundi cha kwanza kinaanza kesho Jumatatu. Mama Mwenyekiti wa kikundi ndiye atashika rimoti. Betri mpya zipo kwa mtendaji wa kijiji, azichukue kabla ya saa 12.