Miti ya Kukinga Upepo Mipakani

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka)



Mvua ikichukua udongo huacha makorongo, na kila mtu huyaona. Upepo hauachi alama kama hiyo. Huokota vumbi laini la juu, lenye rutuba, ukaacha mchanga. Naye mwenye shamba huona mavuno yakipungua akailaumu mbegu. Sisi tukaao katika uwanda wa Laikipia hatuna budi kulijali jambo hili.

Mstari wa miti uliopandwa kuukingama upepo hulinda ardhi iliyo nyuma yake kwa umbali upatao mara 10 ya urefu wa miti hiyo. Miti ya futi 30, basi, hukinga futi 300 hivi. Wengine hudhani kwamba ikisongamana kama ukuta ndiyo bora. Sivyo. Upepo ukigonga ukuta huruka juu, kisha huanguka kwa kishindo upande wa pili. Yafaa upenye kidogo, utoke umepungua nguvu. Mgrevilea ni mwema kwa kazi hii, na matawi yake ni kuni. Lakini matawi ya chini yakikatwa upepo hupita shinani, kwa hiyo kayaba ipandwe hapo. Mkaratusi hukua upesi, ila huyanyang'anya mahindi maji. Mimi siupendi karibu na shamba.

Neno kubwa ni hili: upepo ukikuta pengo katika mstari, hupita pale kwa nguvu kuliko kama pasingekuwa na miti kabisa. Mtu mmoja akikataa kupanda, jirani yake huumia. Wanaokataa huogopa kwamba mti wa mpakani utageuzwa kuwa dai la ardhi, na hofu hiyo si upuuzi. Wazee walioamua kesi za mipaka wanajua.

Kupanda kwa mapatano si jambo geni. Mwaka 1922, huko Kikuyu, Bwana Richard St. Barbe Baker na Chifu Josiah Njonjo walianzisha chama cha Watu wa Miti.

Basi nashauri kamati na wazee wapime mstari mmoja, wakifuata upepo wa kiangazi. Iandikwe katika kitabu cha chama kwamba mti ni wa mwenye ardhi uliposimama, hata kama uliotiwa na mkono wa jirani. Vijana wawachimbie wajane mashimo kabla ya mvua. Na mbuzi wafungwe mpaka miti iwapite kimo, wakiwamo mbuzi wa wanakamati.