Amani Ianzayo kwa Kilio: Maombi ya Wakristo wa Lamu baada ya Mpeketoni



Tarehe 15 Juni 2014 ilikuwa Jumapili ya Utatu Mtakatifu. Usiku wa siku hiyo, wakazi wa Mpeketoni, mji wa Lamu katika pwani ya Kenya, wakiwa wanatazama Kombe la Dunia, wenye bunduki waliingia mjini kwa magari, wakaua wanaume, wakachoma hoteli na nyumba. Usiku uliofuata walishambulia Majembeni na Poromoko. Waliouawa walizidi 60. Julai ikawa zamu ya Hindi na Gamba. Al-Shabaab, kundi la wanamgambo wa Somalia, walijitangaza kuwa ndio waliofanya. Rais wa Kenya akawalaumu wanasiasa wa huko. Wajane wakabaki na makaburi.

Swali langu jioni hii limetoka kwenye makaburi hayo. Mkristo aliyefiwa namna hiyo anapotuambia kwamba amepata amani katika maombi, amepata nini hasa?

Tunalijua jibu linalotolewa misibani. Matanga hayajaondolewa, mfiwa ameshaambiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kwamba ashukuru, kwamba machozi mengi ni upungufu wa imani. Wanaosema hivyo husema kwa upendo. Hata hivyo wanaiacha nusu ya Biblia. Katika Zaburi, maombolezo ni mengi kuliko nyimbo za aina nyingine yoyote. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina hata mstari wa shukrani, na wazee wa imani waliiacha hivyo hivyo ndani ya Maandiko. Ayubu alimlalamikia Mungu sura baada ya sura. Mwishowe waliokemewa ni rafiki zake, wale waliokuwa wakimtetea Mungu. Yesu mwenyewe pale Gethsemane aliomba jambo lilelile mara tatu, na kikombe hakikuondolewa. Naye Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni. Kabla ya kuitaja amani ipitayo akili za watu, aliwaambia kwanza wampelekee Mungu haja zao zote. Haja ya mjane wa Poromoko ni kuuliza kwa nini. Akikatazwa kuuliza, tumemfungia njia ileile ambayo amani ingepitia.

Ndiyo maana nashikilia kwamba amani ya maombi haimwondolei mtu uchungu. Inamwezesha kusimama mbele za Mungu bila kuficha jeraha, kisha kuondoka hapo bila kisasi. Hilo la mwisho ndilo gumu, na Lamu inalifanya kuwa gumu zaidi, kwa sababu ya ardhi. Mpeketoni ilikua kutokana na mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta, mwanzoni mwa miaka ya 1970, familia zisizo na ardhi zilipoletwa kutoka bara. Miaka michache tu kabla yake, wakati wa vita vya waasi walioitwa Shifta, familia nyingi za Wabajuni, Waislamu wa pwani hiyo, zilikuwa zimekimbia vijiji vyao vya pwani ya bara, na wengi hawakurudi. Mjane wa Mpeketoni hana hatia ya historia hiyo, wala Mbajuni hana hatia ya damu ile kwa kuwa tu ni Mwislamu. Lakini ombi linalomtaja Mungu na kumsahau jirani huyu halitaleta amani Lamu, hata likiombwa kwa kufunga.

Kumbukeni kafyu ya usiku iliyotangazwa Lamu Julai 2014, baada ya mashambulizi hayo. Kesha la Wakristo halikuwezekana tena. Amri hiyohiyo iliwazuia wavuvi kwenda baharini usiku, na iliwakuta Waislamu katika kumi la mwisho la Ramadhani. Watu waliogawanywa na mauaji walijikuta ndani ya giza moja. Nasikitika kwamba mahubiri yetu yameitumia nafasi hiyo kidogo mno.

Wala kusamehe kusigeuzwe kizibo cha mdomo. Mfiwa anayeomba kila asubuhi ana haki ya kuuliza nani alimuua mumewe, na ulinzi ulikuwa wapi usiku ule. Mungu wa Biblia ndiye aliyemuuliza Kaini habari za ndugu yake. Kanisa likimnyamazisha mjane kwa jina la amani, limesimama upande wa Kaini.

Wachungaji mliopo, nawasihi. Juni ikifika, someni Zaburi ya 88 kanisani, yote, hadi mwisho wake. Msiharakishe kuipokea kwa wimbo wa shangwe. Waacheni waliofiwa waombe kwa maneno yao wenyewe, na majina ya marehemu wao yatajwe. Kisha waombeeni, kwa kuwataja, wavuvi na majirani Waislamu walioumia miaka ileile.