Mlango wa Chuo Kikuu: Ni Bidii, Mfuko au Kujuana?



Ndugu zangu na dada zangu, kila matokeo ya KCSE yakitoka nasikia maneno yale yale: "Zamani mtu aliingia chuo kwa akili yake. Siku hizi ni pesa na kujuana." Hebu leo tuyapime haya maneno, manake kijana akiyaamini hatajaza fomu, na asiyeomba hapati, hata awe na pointi za kutosha.

Tuanze na hiyo zamani. Alliance ilianzishwa mwaka 1926 na makanisa ya Kiprotestanti. Mang'u ni ya Wakatoliki. Hizo ndizo zilizokuwa ngazi za kwenda juu. Mzazi wa Kiislamu alihofia kumpeleka mwanawe shule ya misheni, na hofu yake ilikuwa na msingi. Ndiyo maana Waislamu wa Afrika Mashariki walijengewa MIOME hapa Mombasa, ikaanza kufundisha 1951. Leo ndiyo Technical University of Mombasa. Kwa hivyo mbio za zamani hazikuanza kwenye mstari mmoja. Wengine walishakata nusu ya njia, sisi tukifunga viatu.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua masomo ya kujilipia, na vyuo vingine vya umma vikafuata. Serikali ilikuwa ikichukua wanafunzi kwa kuhesabu vitanda. Mtoto wa maskini mwenye B anaachwa nje, mtoto wa mwenye nacho mwenye C+ analipa anaingia chuo kile kile. Hapo mfuko ulisema waziwazi.

Halafu kukawa na wizi wa mitihani. KCSE ya 2015 ilitoa A zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 wizi ulibanwa, usahihishaji nao ukabadilika, na A zikawa 141 nchi nzima. Sisemi kila aliyepata A kabla ya hapo aliiba. Nasema hivi: mtihani ukiuzwa, anayeumia ni yule asiye na pesa ya kuununua.

Mwaka 2017 kila mwenye C+ na zaidi aliyeomba aliweza kupangiwa nafasi na KUCCPS, na madarasa ya kujilipia yakaanza kubaki matupu. Sasa nasema bila kuficha: pale mlangoni penyewe, leo ni afadhali kuliko miaka ishirini iliyopita. Kompyuta ya KUCCPS inasoma pointi, haisomi jina la baba yako.

Basi dhuluma iko wapi? Iko kabla ya mlango, na iko baada ya mlango.

Kabla ya mlango: mapema 2020, baada ya mashambulizi ya al-Shabaab, TSC iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Udaktari unataka kemia na baiolojia. Msichana wa Wajir asiye na mwalimu wa kemia anafanya mtihani mmoja na kijana wa Nairobi mwenye maabara tatu. Karatasi ni moja, lakini maandalizi ni mbingu na ardhi. Akikosa pointi, tutasema hakujitahidi?

Baada ya mlango: zamani mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Tangu mfumo mpya wa 2023, familia inapangwa kwenye bendi kulingana na uwezo wake. Wapo wazazi hohehahe wanaolalamika wamewekwa na wenye nacho. Juu ya hayo mkopo wa HELB umejulikana kwa riba ya 4%, na vijana wetu wengi wanaukimbia kwa sababu ya dini yao. Yaani amepita kwa bidii, anakwama kwa karo.

Wako watakaosema tukidai usawa tunaua bidii. Hoja hiyo ilishafika mahakamani. Mwaka 2011 serikali ilipowatengea wanafunzi wa shule za umma nafasi zaidi katika shule za kitaifa, kesi ilipelekwa Mahakama Kuu kuipinga. Mahakama ikaikataa. Kifungu cha 27 cha Katiba kinaitaka serikali irekebishe ubaguzi wa nyuma. Hiyo ni haki yetu, hatuombi sadaka.

Kwa hivyo kazi ni tatu. Kwanza, tumfunge ngamia ndipo tutawakali: jaza fomu ya KUCCPS mapema, na dirisha la kubadilisha kozi likifunguliwa, litumie. Pili, ukipangwa bendi isiyo yako, kata rufaa, na uiulize HELB kwa maandishi: mkopo usio na riba nauombaje? Tatu, tutumie Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Tuiandikie TSC: shule gani za kaunti yetu hazina mwalimu wa kemia, na tangu lini? Afisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Jibu likija, tunalo la kusimama nalo. Lisipokuja, tunajua pa kulalamikia: Tume ya Haki ya Utawala.

Wallahi, mdogo wako akikuuliza "nisome ya nini?", usimjibu kwa uchungu wako. Mwambie asome, na wewe pigania mwalimu wake.

Wabillahi tawfiq.