Kisasi Kisichovunja Sheria

Tumezoea kudhani kisasi ni panga. Katika riwaya ya Emily Brontë, Wuthering Heights, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1847, Heathcliff, yatima aliyeokotwa Liverpool, hashiki panga. Hindley alimnyima elimu, akamfanya kibarua. Aliporudi na mali, Heathcliff alimkopesha Hindley fedha za kamari, akaweka rehani nyumba na mashamba. Hindley alipokufa, vyote vikawa vyake. Hakimu gani angemtia hatiani? Kisha akamlea Hareton, mwana wa Hindley, bila kumfundisha hata kusoma. Hapo ndipo tunaposhtuka, kwa maana mtoto huyo hakumkosea lolote. Tena alimpenda. Heathcliff alipofariki, Hareton ndiye aliyekesha kando ya maiti akilia.