Tawi Changa la Avokado na Mzigo Wake

Maneno ya afisa wa kilimo kwa wakulima, siku ya mafunzo shambani



Mmeliona hilo tawi lililopasuka nyuma yangu. Mwenye shamba alikuwa ameshahesabu pesa zake. Mvua ya mawe ya juzi ilikuja na upepo, tawi likaanguka na matunda yote, na gome la shina likachanika hadi chini.

Tupige hesabu. Matunda 100 ya Hass, kila moja gramu 200, ni kilo 20. Ni kama mtoto wa darasa la kwanza kuning'inia hapo usiku na mchana.

Mti nao haukai bure. Chini ya gome kuna utando mwembamba unaotengeneza mbao mpya. Tawi likielemewa au likitikiswa na upepo, utando huo huongeza mbao pale penye shida. Miti mingi ya majani mapana huweka upande wa juu wa tawi mbao ya pekee, yenye nyuzi zinazovuta kama kamba ili tawi lisizidi kuinama. Saipresi hufanya kinyume: hunenepesha upande wa chini na kulisukuma tawi juu. Wapasuaji mbao wanajua, ubao wa mti ulioinama hupinda ukikauka.

Lakini kazi hiyo huenda polepole, na matunda hayangoji. Tena matunda na mbao hula chungu kimoja. Mti mchanga ukiachiwa matunda yote, tawi hubaki jembamba. Najua kuyaangusha kunauma. Sisi ni watu wa majani chai, tumezoea kuchuma kila kinachochipuka. Hata hivyo, mwaka wa kwanza baada ya kupanda ondoeni yote yakiwa madogo, na wa pili acheni machache.

Mche msiukaze kwenye kijiti. Uyumbe kidogo, maana usioyumba hurefuka tu bila kunenepa. Matawi mawili yaliyobanana kama herufi V, kateni moja mapema, kwani gome hunaswa katikati na mbao hazishikani. Tawi lililojaa liegemezeni kwa mti wenye panda, na mweke gunia lisichubuke, kama mnavyofanya kwa mgomba. Mgomba wenyewe hauna mbao hata kidogo, ni ala za majani zilizokumbatiana; huo mtauegemeza kila msimu.

Sasa twendeni kwa ule mti wa pili. Nimekuja na msumeno.